Kibati cha Mwanamvua

Mtu wa Nachingwea akikuambia kwamba hospitali ya Kambi ya Juu ilijengwa kwa ajili ya wenyeji, mcheke tu. Ilijengwa kwa ajili ya karanga. Wazungu walikuja baada ya vita na matingatinga yao, wakang'oa msitu, wakakusanya vijana kutoka kila pembe ya nchi, na vijana wale wakawa wanapondwa na magogo na kukatwa na vyuma. Basi hospitali ikajengwa kuwaunga. Nguo za wagonjwa zilikuwa kaptura na shati. Jikoni palipikwa ugali wa mtu anayebeba gogo. Kulikuwa na mashine ya eksirei kwa ajili ya mifupa iliyovunjika, nayo ilikuwa na chumba chake na amri zake. Mimi Magreti niliajiriwa pale nikiwa msichana, nimetoka upande wa Ndanda ambako watawa walinifundisha uuguzi, na nilichofanya mwaka wa kwanza ni kufunga bendeji miguu ya wanaume mpaka nikaota miguu.

Halafu karanga zikagoma. Mvua hazikunyesha walivyotaka, udongo ukawa mgumu, fedha ya Wazungu ikaliwa na ardhi. Vijana wakapanda treni wakarudi kwao, na wodi zikabaki tupu. Serikali ikaichukua hospitali, ikatangaza kuwa sasa ni ya raia wote. Raia wenyewe ni akina nani? Ni wanawake wenye mimba kutoka Lionja na Mkotokuyana, watoto wenye homa, wazee wanaokohoa. Kijana aliyevunjika mguu tulimjua: analala, anakula, anapona, anakwenda zake. Lakini mwanamke anayekuja na mama yake, shangazi yake, jirani wawili na kuku kwenye tenga, huyo hatukujua tumweke wapi. Tuliwafukuza ndugu, tukamvisha mgonjwa kaptura, kisha tukashangaa kwa nini kesho yake kitanda ni kitupu. Mimi niliambiwa wanawake wa huku ni wajinga. Nilikataa wakati ule na ninakataa leo. Nyumba iliyojengwa kwa mgeni mmoja, akija mgeni mwingine, si kosa lake kujigonga kichwa mlangoni.

Sasa nimseme Mwanamvua binti Swalehe, ambaye ndiye niliyekusudia kumsema.

Alikuwa mkunga wa Mkotokuyana. Mwanamke mwembamba, mweusi tii, mwenye maneno machache, na hayo machache yalikuwa na pilipili. Alilima mihogo na ufuta, alikuwa na mikorosho yake michache, na nusu ya watoto wa kijiji walidondoka mikononi mwake. Yeye mwenyewe hakujaliwa kuzaa. Dada yake alifariki akaacha binti mchanga, Sofia, Mwanamvua akamlea kwa uji na maziwa ya mbuzi. Sofia alimwita mama, na ole wako ungemsahihisha.

Sifa yake kubwa ilikuwa kufunga mimba. Kwa asiyejua: mimba ikishaonekana, mkunga humfunga mama uzi kiunoni, na kwenye uzi pana hirizi ndogo iliyoshonewa kitambaa cheusi. Uzi ule hushika mimba isidondoke. Miezi ikitimia, mkunga yule yule huufungua ili mtoto apate njia. Aliyefunga ndiye anayefungua. Mwingine akiugusa, mimba inamwagika. Ndivyo walivyoamini, na usinitazame hivyo; mimi nilivaa medali ya Bikira shingoni na nisingekubali mtu anikatie.

Zamani Mwanamvua alitia dawa yake ndani ya kipande cha tete. Lakini tete huoza kwa jasho. Kambi za karanga zilipojaa makopo matupu ya maziwa, aliona mbali: akakata bati, akalikunja, akatia dawa ndani, akashonea. Kibati hakikuoza, hata mwanamke akilima kwenye mvua. Wakunga wa Lionja walimwiga. Kwa hiyo msidhani kwamba mashine ilikuwa ya kisasa na yeye alikuwa wa kale. Naye alikwenda na wakati kwa njia yake.

Sofia aliolewa na Saadi, kijana mpole aliyewahi kufanya kazi ya matingatinga. Mimba ya kwanza, uchungu ulimkaa siku nyingi, mtoto akatoka mfu. Ya pili vilevile, na safari hii Sofia nusura afuate. Mwanamvua ndiye aliyemzalisha mara zote mbili. Aliniambia baadaye kwamba mara ya pili, alipokwisha kumfunika mtoto, alikwenda nyuma ya nyumba akajipiga mikono yake kwenye mti mpaka ikavimba.

Ya tatu ilipoingia, aliifunga kwa dawa kali zaidi na kibati kikubwa zaidi. Mama yake Saadi, bibi mmoja aitwaye Fatu, akasema hadharani kwamba kama hii nayo itapotea, mwanawe ataoa mke mwingine. Fatu hakuwa mbaya. Alitaka mjukuu, na alikuwa na mdomo. Lakini Saadi aliwahi kuvunjika mkono enzi za karanga, na aliona kwa macho yake mfupa wake mwenyewe kwenye picha. Akamwaza mkewe. Mimba ilipokuwa kubwa alimpakia Sofia kwenye baiskeli, akamleta Kambi ya Juu bila kumwambia mama yake wala mama mkwe wake.

Daktari wetu alikuwa Mzungu mrefu tuliyemwita Bwana Taratibu, maana neno hilo halikukauka mdomoni mwake. Alimpima Sofia kwa mikono, akasikiliza habari ya watoto wawili, akakunja uso. Alishuku kwamba nyonga ni nyembamba. Akaamuru picha.

Aliyeendesha mashine alikuwa Kipriani, mwanamume wa makamo mwenye aibu kuliko mwali. Alizoea kumwambia mgonjwa avue nguo. Huyu hakuweza kumwambia. Akampiga picha na kanga zake kiunoni. Picha ilipotoka, mifupa ilionekana vizuri kabisa, isipokuwa mahali pale pale daktari alipotaka kupima. Hapo palikuwa na alama nyeupe ya mraba, kubwa, imekaa kama mkono uliofunika kitu.

"Avue hicho alichovaa," daktari akasema.

Sofia akasema hawezi. Nikamweleza daktari kwamba aliyefunga hayupo. Daktari akasema taratibu ni taratibu, kitu cha chuma hakiingii chumba cha eksirei. Hapo sista mmoja wa Kizungu, mgeni nchini, mwenye haraka na moyo mwema, akachukua mkasi. Alidhani anamsaidia. Sofia aliona ule mkasi unasogea tumboni mwake, akapiga ukelele mmoja, akatoka mbio na mimba yake, amevaa lile shati letu la kiume, na Saadi nyuma yake na baiskeli. Wanawake waliokuwa wodini walimwona anavyokimbia. Wakaulizana, wakaambizana, na kabla ya adhuhuri wodi ya wanawake ilikuwa imebaki na mimi na ufagio.

Nilikasirika siku ile. Nilimkasirikia sista, nikamkasirikia daktari, nikamkasirikia hata Sofia. Maana nilikuwa nimekwisha kuiona ile picha, na nilimsikia daktari akimwambia sista kwa sauti ya chini kwamba msichana yule akizaa nyumbani tena, atazikwa.

Siku ya pili yake akaja Mwanamvua. Alitembea kutoka Mkotokuyana, ameifunga kanga kiunoni kama mtu anayekwenda kugombana, na ndivyo ilivyokuwa. Alisimama barazani akauliza ni nani aliyetaka kumwaga mimba ya mwanawe.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Ni wewe?"

"Si mimi. Lakini karibu ukae, nikueleze."

"Sikuja kukaa."

Ningeweza kumwita daktari wakapigana maneno. Nilifanya jambo jingine, ambalo lilikuwa kinyume cha taratibu. Nilikwenda kwa Kipriani nikaomba ile picha, nikaileta barazani, nikaielekeza kwenye mwanga wa jua. Nikamwonyesha: huu uti wa mgongo wa Sofia, hizi nyonga, hiki kichwa cha mtoto. Akatazama kwa muda mrefu. Akagusa kile kichwa kwa ncha ya kidole. Kisha kidole kikashuka kwenye alama nyeupe.

"Na hiki?"

"Kiko kiunoni mwake, mama; ni chuma gani hatujui. Hicho ndicho kinachotuzuia kuona kama njia inatosha."

Alikuwa amekitambua. Aliufahamu mkunjo wake, maana yeye ndiye aliyeukunja. Akakaa chini pale pale sakafuni, yule aliyesema hakuja kukaa.

"Changu," akasema. "Mimi ndiye ninayemficha mwanangu."

Nikamwambia neno la daktari, lote, bila kulipaka asali. Nikamwambia pia kwamba kama njia ni nyembamba, hakuna mkunga wa duniani anayeweza kuipanua, si yeye wala mimi wala watawa wa kwetu, na kwamba wale wawili hawakufa kwa mikono yake. Ndipo alipolia. Alilia kama watu wanavyolia msibani, kwa sauti, na wapita njia wakasimama.

Alipomaliza, akajifuta uso na kuanza kupanga mambo. Uzi hauwezi kukatwa, akasema, na mimba haiwezi kuachwa wazi kabla ya miezi kutimia. Lakini yeye aliyefunga anaweza kufungua na kufunga tena papo hapo, na badala ya bati akarudia tete la zamani. Je, tete litaonekana kwenye picha? Nikamwuliza Kipriani. Kipriani akasema kipande cha tete hakitaziba kitu. Basi, akasema Mwanamvua, lakini lazima niwepo, na mwanamume asiwepo, na huyo mwenye mkasi asikanyage.

Nikampelekea daktari maneno hayo. Alikataa. Ndugu haruhusiwi chumbani, Kipriani lazima awepo, na hirizi ni hirizi, iwe ya bati au ya tete. Nilikuwa mtumishi mdogo na nilijua mahali pangu, lakini siku ile ulimi haukujua. Nikamwambia, "Bwana, wodi ni tupu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame." Ilibidi nimfafanulie methali ile mara mbili. Akatazama vile vitanda, akauliza kama mimi naweza kumlaza mgonjwa na kuipanga mashine huku Kipriani akibonyeza kitufe nyuma ya ukuta. Nikasema naweza nikifundishwa. "Basi ufundishwe," akasema. Sikumpenda sana yule bwana, lakini haki yake nampa: alikubali kuinama.

Sofia akaletwa. Mwanamvua alimfungua nyuma ya pazia huku akisema maneno yake kwa Kimwera, akaufunga uzi wenye tete, akauliza mara tatu kama umeshika. Picha ikapigwa. Safari hii hakuna kilichozuia. Daktari aliweka rula yake, akapima, akatikisa kichwa. Njia haikutosha. Mtoto atolewe kwa kisu kabla uchungu haujaanza.

Sasa kisu kilitaka ruhusa. Karani akamletea Saadi karatasi atie dole gumba. Saadi akarudisha mikono nyuma. Si woga. Huku kwetu kusini mwanamke ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye neno juu ya mwili wake ni mjomba. Saadi akitia dole na Sofia akafa, watu wangesema mume ameuza mtoto wa watu. Karani alikuwa mtu wa mbali, akamwita Saadi mwanamke. Nikamwambia karani anyamaze.

Mjomba mwenyewe, Shehe, kaka yake Mwanamvua, alikuwa amehamia Mbwemkuru, upande wa Ruangwa. Mwanamvua alikwenda kwa miguu, akalala njiani, akarudi na jibu. Shehe amekubali, lakini ameweka neno: "Kisu kikimuua, sitamdai Mzungu. Nitakudai wewe, dada yangu, uliyeniomba." Aliniambia hayo huku akimenya muhogo, bila kuinua macho. Nikamwuliza kama anaogopa. Akasema, "Ninaogopa sana, mwanangu. Unataka nifanye nini?"

Kwa siku zilizobaki hatukuwa na mahali pa kuwaweka. Sofia hakutaka kulala wodini peke yake, na chakula cha jikoni hakukigusa, maana hakujua nyama imechinjwa na nani. Nyuma ya hospitali palikuwa na banda la kutunzia vifaa vya kambi, limejaa minyororo yenye kutu. Daktari akaruhusu litolewe minyororo. Mwanamvua akaweka mafiga matatu, akatandika mkeka, akapika. Kabla ya juma kwisha, wanawake wawili wa Lionja walikuja kuchungulia, wakaona moshi na mkunga wanayemjua, wakaweka mizigo yao chini.

Asubuhi ya kisu, Mwanamvua alifungua uzi kwa mara ya mwisho, akamtazama Sofia akiingizwa, akabaki mlangoni. Ndani hakuruhusiwa, na hapo daktari alikuwa na haki. Mimi nilikuwa ndani. Mtoto alitoka wa kiume, mkubwa, na alilia mara moja. Sofia alitoka damu nyingi, tukabana pamba juu ya pamba, mpaka daktari akanyoosha mgongo na kusema imesimama. Nilimpeleka mtoto mlangoni. Mwanamvua hakumtazama kwanza.

"Mwanangu je?" akauliza.

"Mzima."

Ndipo akampokea.

Ungedhani alirudi Mkotokuyana akipigiwa vigelegele. Thubutu. Walisema Mwanamvua amempeleka mwanawe kuchanwa kama samaki. Walisema mikono yake sasa inanuka dawa ya hospitali, na mwenye kutaka mimba yake ishike amtafute mkunga mwingine. Wenye mimba wakahama kwake mmoja mmoja. Fatu ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema, na ndiye aliyesema zaidi. Mtoto ambaye hakupita njia ya watoto wote, alisema, hakuzaliwa, ametolewa tu. Yeye hatabeba mgongoni kitu kilichotolewa. Na kweli hakumbeba. Sofia alimwekea mtoto mbele yake siku ya arobaini, Fatu akakunja mikono ndani ya kanga.

Mwanamvua alijua tangu alipokuwa Mbwemkuru kwamba hayo yangekuja. Kazi ndiyo iliyokuwa heshima yake, na aliitoa ili mwanawe abaki hai. Aliumia, na hakuficha kwamba ameumia. Daktari akamwomba akae kwenye lile banda, awapokee wanawake wanaosubiri kujifungua, awafungue nyuzi zao kwa ruhusa ya waliowafunga. Wakunga wa vijijini wakaanza kuja wenyewe kufungua. Wale waliomsema Mkotokuyana walikuwa wachache kuliko waliokuja banda lile, lakini maneno ya kwenu huuma kuliko ya wengine.

Mwaka uliofuata, wakati wa kupepeta ufuta, Fatu alikuja bandani mchana, mbele ya machela iliyobebwa na wanaume wanne. Aliyelala juu yake alikuwa binti yake wa mwisho, Mwanawetu, uchungu umemkaa tangu juzi. Walikuwa wamesubiri. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wahenga walisema, na hili lilikuwa tumbo kweli. Fatu hakusalimu. Alisimama mbele ya Mwanamvua na kusema, "Mkwe, mimi mlango wa humu siujui."

Mwanamvua akamshika mkono akampitisha.

Mwanawetu alipona. Mtoto hakupona, walikuwa wamechelewa. Tulimfunga vizuri tukampa Fatu, naye akampeleka kumzika.

Alipotoka makaburini hakwenda kwake. Alikwenda kwa Sofia, na Mwanamvua alikuwepo amekuja kuwapa pole, na mimi nilikuwa nimemsindikiza. Mtoto wa Sofia alikuwa anatambaa uani, uso umejaa uji. Fatu alisimama akimtazama, mikono inaning'inia.

"Nipe mjukuu wangu," akasema.

Sofia hakuinuka. Alimgeukia Mwanamvua, na macho yake yalikuwa yamejaa mwaka mzima wa maneno.

"Mpe," Mwanamvua akasema. "Mfute uso kwanza, umpe."